Eti "nenda kapime macho"! Mnamjua ni nani, na leo sinyamazi

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Jina simtaji na hakuna haja, mnamjua. Hakuna uzi wa katuni humu ambao hajaukalia kama mwenye nyumba aliyefuata kodi. Leo kaniambia mbele ya kundi zima, wakubwa kwa wadogo: "Nenda kapime macho kwanza, ndiyo uje kuchambua komiki." Mimi! Kapime macho!

Tulikuwa tunaongelea Deadman, komiki ya DC, ile ya zamani kabisa, jarida la Strange Adventures namba 205 ya Oktoba 1967 hadi 216. Kwa ambao hamjaisoma: Boston Brand ni mwanasarakasi wa bembea, anavaa nyekundu na uso mweupe wa maiti ili kuvuta watu. Anapigwa risasi akiwa juu huko, uwanja umejaa, na muuaji ana kulabu badala ya mkono. Anakufa lakini haondoki. Mungu mke Rama Kushna anamwacha duniani akiwa roho ili amsake aliyemuua, na akitaka kusema neno au kushika kitu lazima ampande mtu aliye hai. Hilo sisi huku hatuhitaji kufafanuliwa, kila mtaa una mtu aliyewahi kupandwa.

Sasa mimi nikaandika, kwa upole kabisa, kwamba kwenye namba 216 mchoraji Neal Adams kaficha maandishi ndani ya mchoro. Ukitazama kawaida unaona mistari ya mawimbi tu. Laza ukurasa usawa wa jicho, chungulia kutokea chini, herufi zinajikusanya na jina la mchoraji mwenzake Jim Steranko linatokea: Adams anatangaza kwamba hiyo ni mbinu ya Steranko! Na Steranko wakati ule alikuwa kwa wapinzani, Marvel, anachora jasusi Nick Fury kwa michoro ya kuchezea macho. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maonyesho kwelikweli, anakula moto, anafanya mazingaombwe, anajifungua minyororo mbele ya watu. Yaani ndani ya katuni ya sarakasi kuna jina la mtu aliyekula moto jukwaani, limejificha miaka yote hiyo! Nilipoliona nilisimama kitini. Nikasema wenzangu lazima waone.

Jibu lake? Kapime macho. Halafu akatuma na sauti, kicheko kitupu, dakika nzima, mpaka mate yanasikika. Kundi zima likadandia. Vicheko vilijaa mpaka simu ikapata moto. Kuna mmoja kanitumia namba ya duka la miwani!

Na hilo siyo baya zaidi. Hapana, hilo ndilo baya zaidi, ila sikilizeni. Jioni hiyohiyo kaweka picha ya ukurasa uleule, kailaza vilevile nilivyoeleza, na juu yake kaandika: "Wadau, kuna kitu nimegundua." AMEGUNDUA! Na walewale walionicheka wanamwita mwalimu. Kichwa. Hazina ya taifa.

Mimi niliyeona kwanza ndiye wa kupimwa macho. Aifute ile picha. Radhi yake siitaki.

Mzee wa Kurasa: Tumekaa paleee tunasubiri na yeye aje. Leo halali mtu.

Fundi Saa: Pole mkuu. Ila kupima macho siyo tusi, ni afya 😂

Mwenye uzi: Nilijua mtakuja. Ungekuwa kundini ukakisikia kile kicheko usingeongea hivyo.

Dada wa Maktaba: Huyo simshangai. Mimi nilisema mwenye kulabu ananikumbusha yule muuaji wa mkono mmoja wa The Fugitive, tamthilia iliyoisha mwaka uleule Deadman ilipoanza, 1967. Mtu asiye na hatia anamsaka mlemavu wa mkono, kuna kificho gani hapo? Akaniambia "dada, acha ndoto za mchana". Baadaye nakuta kaiandika yeye, neno kwa neno, hata kosa langu la herufi kaliacha.

Mwenye uzi: UMEONA? Na wewe hakukwambia ukapime macho?

Dada wa Maktaba: Hapana, mimi ni ndoto tu.

Kiroboto: Nimelaza simu. Naona pua yangu na ufa wa kioo.

Mwenye uzi: Kutokea CHINI ya ukurasa, mkuu. Na kuza picha kwanza.

Kiroboto: Sasa naona ufa mkubwa zaidi. Huenda jamaa ana hoja, sote wawili twende tukapime.

Ngosha Halisi: Mtu mzima analilia katuni. Kodi umelipa?

Dada wa Maktaba: Na wewe saa saba usiku umefuata nini kwenye jukwaa la katuni?

Ngosha Halisi: Nimepita tu.

Mzee wa Kurasa: Tukiongelea vya kuudhi, mimi sijawahi kusamehe ile namba 215. Boston anamsaka muuaji toleo baada ya toleo, anapanda huyu anashuka anapanda yule, halafu anatokea babu mmoja, Sensei, na genge lake la wauaji, League of Assassins, anammaliza mwenye kulabu kabla Boston hajamgusa. Nilisubiri kisasi, nikapewa babu. Huo ndio uzi uliotakiwa kufunguliwa.

Fundi Saa: Bora hiyo. Kwenye komiki za Flashpoint za 2011 walimweka Boston sarakasi moja na wazazi wa Dick Grayson, yule Robin wa Batman, akina Flying Graysons wenyewe! Nikasema hapa ndipo. Matoleo matatu, wamefunga.

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye mada.

Bi Chausiku: Nyie mnalalamikia matoleo. Mimi niliazimisha mkusanyiko wa Deadman wa Adams, umerudi na duara la kikombe cha chai. Usoni kwa Boston.

Mzee wa Kurasa: Usoni?!

Bi Chausiku: Usoni. Ule uso mweupe sasa una rangi ya tangawizi.

Kiroboto: Heri chako kimerudi. Changu kiko Morogoro kwa shemeji, nikiuliza anasema mtoto anakisoma. Mtoto ana miaka miwili.

Mwenye uzi: Kapime macho, mbele ya watu wote, wakuu.

Ngosha Halisi: Shemeji wa Morogoro usimwachie hivihivi. Mimi wangu alichukua Batman zote, na sasa kahamia Mwanza.

Dada wa Maktaba: Ngosha, kumbe unasoma katuni?

Ngosha Halisi: Nilikuwa nasoma. Sasa sina hata moja.

Bi Chausiku: Mwanza sehemu gani? Nina mdogo wangu Nyamagana, anaweza kumfuata.