Gari mpya ya mkopo, kuagiza Japani, au ya mkononi hapahapa Kigoma? Naombeni ushauri

Mama_Gungu
Mwakeye wakuu. Niko Kigoma mjini, Gungu, biashara yangu dagaa na mawese, mzigo nachukua Kibirizi napeleka Kasulu na mara mojamoja Kibondo. Miaka yote nakodi gari na faida yote inaishia kwa mwenye gari, nikajibana na vikoba mpaka nimefikisha milioni 17. Sasa nimechanganyikiwa. Shemeji yangu wa Dar anasema used ni kununua matatizo ya mtu, niitoe hiyo 17 kama kianzio nichukue mpya zero kilometa, inayobaki nikope benki nilipe miaka minne. Hapa mtaani kuna kaka anauza Toyota Probox namba D milioni 9 na nusu, rangi inang'aa, injini imetulia kabisa. Wengine wananiambia niagize Japani. Kwenye mambo ya gari mimi sijui lolote, nishaurini kama dada yenu, hii hela nimeitafuta juani nikikosea sijui ntaanzia wapi tena.

FundiMwanga
Hongera sana dada, 17 kwa dagaa sio kazi ndogo. Nianze na la mkopo maana ndo linanitisha. Ww biashara yako unaijua kuliko sisi, mbalamwezi ikiwaka boti hazitoki, mzigo unakuwa hakuna, na 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu mizima. Rejesho la benki halisubiri giza lirudi. Miezi mitatu bila mzigo na gari bado ina deni wanakuja kuichukua na kianzio chako kimeenda. Shemeji yako ana mshahara wa kila mwezi ndo maana anaiona rahisi.

Halafu mpya yenyewe ikisumbua nani ataishika hapa? Hizi za kisasa zinataka mashine ya kupima na spea mpaka Dar. Probox ya injini ya 1NZ hata nikiwa Kasulu sokoni napata plagi, bushi, shokapu, na ile injini ni ya cheni sio mkanda, ukibadilisha oili kwa wakati inakwenda miaka na miaka.

Isevya_Tbr
Wangaluka kutoka Tabora. Dada tafadhali hiyo ya namba D usiitolee hela kabla hujasoma hapa.

Mimi 2021 nilinunua Spacio kwa mtu, safi kuliko ya kwako, nje unajiangalia kama kioo. Nikapiga nayo masika mbili. Siku moja natoka Urambo na watoto wawili nyuma, nakanyaga breki pedo inazama mpaka chini haina kitu, Mungu saidia hakukuwa na lori mbele, nikashusha gia nikavuta hendibreki ikasimama pembeni kwenye majani. Fundi alivyoiingia chini akakuta bomba la breki limeoza na kutu limepasuka. Akatoa kapeti ya nyuma, akachukua bisibisi akaisukuma kwa mkono tu, hakugonga na nyundo, ikapita kwenye bodi mimi nikaona mchanga wa chini. Kumbe mwenye gari wa kwanza alikuwa anabebea chumvi toka Uvinza! Chumvi ile ikipata maji ya mvua inakula chuma taratibu na ww uko juu unafuta vumbi na kupaka polishi. Mpaka leo mke wangu akisikia breki zinalia anashika mlango.

Kwa iyo Kigoma hapo gari ya mkononi uliza imebeba nini. Chumvi, samaki wabichi, maji ya barafu, vyote vinakaa chini ya kapeti.

Mzee_wa_Bandari
Kuagiza ni kuzuri ila watu wanaangalia bei ya mtandaoni wanasahau ushuru. Chukulia gari thamani yake kwa TRA, wale wa mapato, pamoja na meli na bima ni milioni 6 na ina zaidi ya miaka 10. Ushuru wa forodha 25% ni milioni 1.5, inakuwa 7.5. Juu ya hiyo 7.5 kuna 5% ya injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000, na 30% ya uchakavu, jumla kama milioni 2.6. Halafu VAT 18% juu ya vyote, milioni 1.8. Hapo ushuru peke yake unakaribia milioni 6, sawa na gari yenyewe, na bado kuna tozo ndogondogo, bandari, wakala, namba, bima, mafuta na dereva wa kuifikisha Kigoma. Na TRA hawafuati ulinunua shingapi, wana thamani yao, ingia kwenye kikokotoo chao kabla hujatuma hata shilingi. Ya 6 inakuingia kwenye 17 na unabakiwa na ya kubadilisha tairi, ya 8 haikuingii.

Katubuka_boy
Ila jamani kuagiza nako unanunua picha, mi sikubaliani kwamba za hapa zote mbovu, mjomba wangu kachukua ya mkononi mwaka wa 5 huu

Mzee_wa_Bandari
Ni kweli, ndo maana unadai karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandika hali ya gari. Gredi 4 au 3.5 sawa, ukiona R ujue ilishakula mzinga ikanyooshwa.

Mama_Gungu
Wakuu nimerudi, leo asubuhi nimeenda na fundi. Alimwambia yule kaka asiwashe mapema tuikute injini ya baridi, iliwaka vizuri. Nikamwomba tufunue kapeti ya nyuma, akasita, fundi akafunua mwenyewe. Harufu ya samaki ilinipiga nikarudi nyuma, mimi ninayeuza dagaa kila siku! Kwenye kona za bodi kuna utandu mweupe kama unga na chini yake chuma kimevimba kinabanduka kama ganda la mkate. Kaka akashusha mpaka 7, nikamshukuru nikaondoka. Mkopo nimeuacha, shemeji nimempigia amenielewa. Naagiza Probox ya thamani ya 6, ntakodi tena miezi miwili hii nivumilie. Isevya_Tbr, watoto wako hawakuumia?

Isevya_Tbr
Hawakuumia dada, wapo shule. Gari ikifika Dar mwambie dereva apitie Manyoni na Itigi aje Tabora, asiendeshe usiku kuja huko. Alale kwangu, asubuhi ntaikagua chini kabla haijaanza njia ya Kigoma.