Bustani tuipendayo inachakaa: ifungwe ikarabatiwe, itengenezwe usiku kwa usiku, au vya zamani ving'olewe?

Farasi wa Tatu

Wakuu, salaam.

Bustani ya burudani ninayoizungumzia sitaitaja jina, maana nia yangu si kuichafua. Nimeingia humo tangu nabebwa mabegani. Ndani kuna bembea ya farasi wanaozunguka, na farasi wa tatu kutoka mlangoni alikuwa wangu kila tulipokwenda. Mwezi uliopita nilimpandisha binti yangu juu ya farasi huyohuyo. Sikio lake moja limekatika. Halikuzibwa wala kuchongwa upya, mahali lilipokatika pamepakwa rangi tu.

Tangu nione lile sikio sikuweza tena kutazama kingine bila kukagua. Maporomoko ya maji yamekauka na chini yake majani yameoza. Kwenye safari ya mashua kuna sanamu ya mvuvi aliyekuwa akiinua mkono kila mashua inapopita. Sasa mkono umeganda katikati, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Spika zinakwaruza. Kwenye jina la rola kosta kubwa, ile treni ya mchezo inayopanda na kushuka kwa kasi, taa za herufi tatu haziwaki. Wahudumu ni wema kama zamani, ila wamebaki wachache, na mmoja anahangaika na kazi ya watu watatu.

Naona njia tatu, naomba tuzilinganishe. Ya kwanza, kufunga mchezo mmojammoja kwa miezi au hata miaka na kuukarabati kuanzia msingi. Ya pili, bustani iendelee kufunguliwa na mafundi wafanye kazi usiku na katika miezi isiyo na wageni wengi. Ya tatu, kukubali kwamba vya zamani vimekwisha, ving'olewe vijengwe vipya. Ninyi mngechagua ipi, na kwa nini?

Reli na Mbao

Mimi naunga mkono ya kwanza, na ninayo mifano. Space Mountain, rola kosta ya ndani ya jengo pale Disneyland, California, ilifungwa mwaka 2003 ikafunguliwa tena Julai 2005, reli yote ikiwa mpya ndani ya jengo lilelile. Watu walilalamika miaka miwili nzima, lakini walipoingia waliikuta safari waliyoipenda, bila mitikisiko ya uzee.

Mfano mwingine ni Python ya bustani ya Efteling, Uholanzi. Ni rola kosta ya mwaka 1981. Mapema mwaka 2018 waliing'oa reli, wakabakiza kituo na kilima cha kupandia, wakaijenga upya kwa umbo lilelile, na mwisho wa Machi ilikuwa inatembea. Wangeweza kuweka kitu cha kisasa kabisa. Wakachagua kumrudishia mgeni kile alichokizoea, tofauti ikiwa kwamba sasa hakimuumizi shingo.

Rangi ya usiku kwa usiku haiwezi kufanya hivyo.

Mama Wawili

Reli na Mbao, nakuelewa, lakini fikiria upande wa mzazi. Miaka miwili kwa mtoto ni mirefu mno. Mwanangu wa kwanza alingoja mchezo mmoja ufunguliwe, na ulipofunguliwa alikuwa ameshapita umri wa kuufurahia. Tena tumeshawahi kufika tukakuta mitano imefungwa siku moja, na mlangoni hakuna aliyetuambia. Tulipita mbele ya vizuizi vya mbao vilivyochorwa picha nzuri, na nyuma yake hapakuwa na fundi hata mmoja. Vizuizi vilikuwa palepale mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kufunga kwenyewe si dalili ya utunzaji. Wapo wanaofunga kwa sababu wameshindwa.

Fundi Grisi

Naomba niseme kidogo, maana nimefanya kazi hii hadi nikastaafu. Sikufanya katika bustani ya Farasi wa Tatu, ila mashine ni mashine.

Mgeni anaona rangi, taa na sanamu. Sisi tunaona ekseli, boliti, breki na viungio. Siku ya kazi inaanza kabla ya jua: tunatembea reli yote kwa miguu, tunagonga, tunasikiliza, tunapima magurudumu, kisha treni inazungushwa tupu mara kadhaa kabla ya mtu yeyote kukalia kiti. Baada ya kipindi maalumu behewa linafunguliwa lote, kila kipande kinaoshwa, na vyuma vinavyobeba mzigo vinapimwa kwa sumaku au kwa mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ambazo jicho haliwezi kuziona. Kazi hiyo haifanyiki usiku mmoja. Kwa hiyo njia ya pili peke yake haitoshi, na anayewaambia inatosha hajawahi kulifungua behewa.

Lakini na ya kwanza peke yake haitoshi. Ukikarabati kwa kishindo kisha ukarudi na mafundi walewale wachache, baada ya miaka mitano utakuwa ulipoanzia.

Hatari ya kukata bajeti ya matengenezo ni kwamba mwaka wa kwanza huoni kitu. Mashine inaishi kwa kazi nzuri iliyofanyika zamani. Mkubwa aliyekata anasifiwa kwa kubana matumizi. Mwaka wa pili spea zinaanza kuchelewa. Mwaka wa tatu mafundi wenye uzoefu wanaondoka, na wanaondoka na kile ambacho hakijaandikwa popote: mlio gani ni wa kawaida kwa treni ile, na mlio gani si wake.

Tarehe 5 Septemba 2003, Big Thunder Mountain Railroad, rola kosta ya Disneyland, ilipata ajali, kijana mmoja akafariki na watu wengine kumi wakaumia. Wachunguzi wa jimbo walikuta kwamba matengenezo hayakufanyika ipasavyo, boliti hazikukazwa inavyotakiwa, na seti ya magurudumu ikaachia. Treni ilikuwa imesikika ikitoa mlio usio wa kawaida, lakini ikaachwa iendelee. Kila nikikumbuka hilo moyo wangu unauma, kwa sababu kukaza boliti ni jambo analofundishwa fundi siku ya kwanza.

Farasi wa Tatu, sikio la farasi halimuui mtu. Mimi nikiliona, swali langu linakuwa hili: kama kinachoonwa na maelfu ya watu kila siku kimeachwa, kisichoonwa na yeyote isipokuwa fundi kikoje? Wakati mwingine jibu ni zuri. Nimefanya kazi mahali rangi ilikuwa mbaya na breki safi kabisa, kwa sababu fedha zilikuwa chache na mkuu wetu aliziweka panapostahili. Kwa hiyo msihukumu kwa rangi pekee. Ulizeni.

Kijana wa Foleni

Mimi nasema njia ya tatu. Tusidanganyane, vingine vimezeeka. Tokyo Disneyland waliifunga Space Mountain yao Julai 2024 wakaamua kuibomoa na kujenga nyingine, ifunguliwe 2027. Na bustani ile inasifiwa sana kwa usafi na utunzaji! Kama wao wanabomoa, kwa nini sisi tung'ang'anie sanamu ya mvuvi mwenye mkono ulioganda?

Reli na Mbao

Mdogo wangu, ile waliyoibomoa ilikuwapo tangu bustani ifunguliwe Aprili 1983, na iliendelea kupendwa mpaka siku ya mwisho. Wanaweka nyingine palepale kwa jina lilelile. Hawakuiacha ichakae mpaka watu waichoke, ndipo wageuke na kusema "mnaona, hakuna anayeipenda." Ninachokiogopa kwenye njia ya tatu ni hicho. Mchezo unanyimwa matunzo makusudi, foleni inapungua, kisha foleni fupi inakuwa ushahidi wa kuuondoa.

Kuhusu uzee nikupe Phoenix. Ni rola kosta ya mbao iliyojengwa San Antonio, Texas, miaka ya 1940. Bustani yake ilikufa, nayo ikabaki imesimama peke yake. Mwaka 1985 familia inayomiliki bustani ya Knoebels, Pennsylvania, iliinunua, ikaifungua ubao kwa ubao, ikaisafirisha na kuisimamisha upya. Mpaka leo wapenzi wa rola kosta huiweka miongoni mwa zilizo bora duniani. Rola kosta ya mbao haizeeki kama mtu anavyozeeka. Kila msimu wa kufungwa mbao zilizochoka zinatolewa zinawekwa mpya, kwa hiyo inayotunzwa huwa na umri mchanganyiko. Iliyozeeka yote kwa pamoja ni ile ambayo haikuguswa.

Nuru

Mnalinganisha njia, lakini mimi naona cha kulinganisha kwanza ni wamiliki. Efteling inamilikiwa na wakfu, haina wanahisa wa kugawiwa faida. Europa-Park ya Ujerumani ni ya familia ya Mack, ambao wamekuwa mafundi kabla ya kuwa na bustani. Tokyo Disneyland ni ya kampuni ya Oriental Land, Disney wanalipwa kwa matumizi ya jina na kazi zao. Hao watatu hawafanani, ila ukisikia watu wakisifu utunzaji hutakosa kuyasikia majina yao.

Sisemi kampuni kubwa haiwezi. Disneyland ya California ilisemwa vibaya sana mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000: rangi zimebabuka, taa zimeungua. Mwishoni mwa 2003 alikuja rais mpya, Matt Ouimet, na sherehe za miaka 50 za Julai 2005 zilipofika bustani ilikuwa imepakwa rangi na kung'arishwa. Ni bustani ileile, chini ya kampuni ileile. Aliyebadilika ni mwenye kuamua fedha ziende wapi.

Na kampuni hiyohiyo, kule Florida, ina rola kosta ya Expedition Everest iliyofunguliwa mwaka 2006. Mwisho wa safari kuna sanamu ya yeti, jitu la theluji la hadithini, mkubwa mno ambaye alikuwa akimrukia abiria. Baada ya muda mfupi alisimama, na kwa miaka mingi amekuwa akimulikwa na taa za kumetameta ili aonekane anatikisika. Alitengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu kisha akawekwa mahali ambapo kumtengeneza ni kazi nzito. Mtu anapobuni kitu, amuulize fundi: hiki kitafikiwaje kikiharibika?

Mama Wawili

Nuru umenikumbusha jambo dogo la Efteling ninalolipenda kupita rola kosta zote. Wana mapipa ya taka yenye umbo la mtu mnene, anaitwa Holle Bolle Gijs, wa kwanza aliwekwa mwaka 1959. Anaita "papier hier", yaani karatasi hapa, anavuta takataka kwa mdomo, halafu anashukuru. Watoto wanazunguka bustani kutafuta karatasi za kumlisha! Huko ndiko kutunza, hata mtoto anapewa sehemu yake.

Na sisi wageni tunayo sehemu. Mwishoni mwa Juni 2023 mgeni pale bustani ya Carowinds, Marekani, alitazama juu akaona nguzo ya Fury 325 imepasuka. Rola kosta hiyo ina kimo cha mita 99. Treni ikipita, nguzo ilikuwa ikiachana pale penye ufa, na video ipo. Methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, lakini huu ulikuwa ufa wa chuma na watu wanapita juu yake. Ikafungwa, nguzo ikabadilishwa, ikafunguliwa tena Agosti. Mkiona kitu, msinong'one kwenye foleni. Mwambieni mhudumu, na asipoelewa mwambieni mwingine.

Fundi Grisi

Hapo umesema. Niongeze jingine kwa wanaokasirika mchezo ukisimama mchana: tafadhali wapeni mafundi nafasi. Juni 2015, pale bustani ya Alton Towers, Uingereza, treni tupu ya rola kosta The Smiler ilikwama kwenye reli. Mfumo wa usalama ukaizuia treni ya nyuma yake, kama inavyotakiwa. Mafundi hawakujua kuwa kuna treni mbele, wakadhani mfumo umekosea, wakaupuuza. Treni iliyojaa watu ikagonga. Watu 16 waliumia, wawili kati yao wakakatwa mguu, na mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5. Kutengeneza huku foleni inakutazama ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Ndiyo maana mimi naupenda usiku, na naupenda msimu wa kufungwa zaidi.

Farasi wa Tatu

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Nilikuja nikitaka njia moja, sasa naona nilikosea kuuliza. Kijana wa Foleni, ya tatu siitaki, labda kwa kitu ambacho mafundi wenyewe wamesema hakitengenezeki. Ya kwanza naikubali ikiwa tarehe ya kufunga na ya kufungua inatangazwa, tena mchezo mmoja mkubwa kwa wakati, si mitano. Na ya pili iwe ya kila siku, kwa mafundi wa kutosha.

Naandika barua kwa uongozi leo. Sitaorodhesha kila kitu, maana barua ndefu haisomwi. Nitauliza mambo mawili: idadi ya mafundi wa usiku sasa na miaka kumi iliyopita, na ratiba ya ukarabati. Halafu nitaomba jambo moja tu, sikio.

Fundi Grisi

Uliza vilevile ni farasi wa nini. Kama ni faibaglasi, kinatengenezwa kiolezo kutoka kwenye sikio lililobaki na kazi inaisha haraka. Kama ni mbao, sikio linachongwa, linatobolewa na kupachikwa kwa kijiti na gundi, linapigwa msasa, ndipo rangi. Anatakiwa mchongaji, si mpakaji rangi, na ukiliandika hivyo watajua unajua. Mgonge shingoni kwa kifundo cha kidole utamtambua kwa mlio.

Farasi wa Tatu

Ni mbao. Nilikuwa nikimgonga hivyo kila safari nikiwa mtoto, ili aanze kukimbia.