Naomba ushauri: santuri za Zamrock (muziki wa roki wa Zambia) alizoniachia baba

Habari zenu wakuu. Nilikulia Kitwe, Zambia, miaka ya 1970, baba akifanya kazi huko. Kila Jumamosi nyumba ilikuwa inatikisika kwa magitaa ya bendi za WITCH, Amanaz na Ngozi Family. Mpaka leo nikisikia gitaa lenye mkwaruzo ule, machozi yananilengalenga.

Baba ametangulia mbele ya haki, kaniachia santuri 11, mojawapo albamu ya WITCH, Lazy Bones!! ya 1975. Zimeota ukungu, mbili zimepinda. Nimezifuta kwa kitambaa kikavu, lakini sindano bado inaruka.

Je, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ni salama? Na hapa Dar es Salaam nani anaweza kuzihamishia kwenye kompyuta bila kupoteza ule mngurumo? Mama anauulizia kila siku.