Tunaishi wanne, mimi nimeleta paka. Nifanyeje?

Wakuu, habari za saa hizi. Tumepanga nyumba moja wanafunzi wanne. Kila mtu ana chumba chake. Jiko, sebule na choo ni vya wote. Wiki tatu zilizopita nilimkuta mtoto wa paka kajibanza nyuma ya mtungi wa gesi, kalowa chapachapa, mbavu zinahesabika. Nikamfuta kwa fulana yangu, nikajiambia ni usiku mmoja tu. Sasa hivi ninavyoandika kalalia daftari langu la takwimu.

Shida ni kwamba mwenzetu mmoja ana pumu. Hajalalamika, ila anapiga chafya mfululizo, na juzi nimeona kikombe chake kakihamishia chumbani. Ujumbe nimeupata. Mwenye nyumba hajui kitu. Mkataba nimeusoma mara mbili, mpaka kile kifungu cha kupigilia misumari ukutani, hamna neno kuhusu wanyama. Nimefikiria niwe namfungia chumbani kwangu na kumwogesha kila wiki ili manyoya yapungue. Itasaidia?

*

Dada, manyoya unayasingizia. Kinachomsumbua mwenye mzio ni protini iliyomo kwenye mate na ngozi ya paka. Anajilamba, mate yanakauka, yanageuka vumbi jepesi mno linaloelea hewani na kunasa kwenye kochi, mapazia na nguo. Wewe utamfungia mlango halafu utatoka sebuleni na sweta lile lile alilolalia! Kumwogesha kunapunguza kwa siku chache tu, kisha hali inarudi pale pale. Hata akiondoka leo, mabaki yanaweza kukaa miezi. Na pumu hampigiani kura tatu kwa moja. Mgongee mlango, muulize anaitumia pampu yake mara ngapi siku hizi.

*

Mdogo wangu, mimi napangisha vyumba. Mkataba kukaa kimya haina maana umeruhusiwa. Mpangaji wangu mmoja aliwahi kunificha paka dume ambaye hajahasiwa. Hao wakikomaa hurusha mkojo wima ukutani kuweka mipaka yao. Harufu iliingia kwenye fremu ya mlango, tukapaka rangi mara mbili, jua likiwaka inarudi. Mkataba ulikuwa mmoja wenye sahihi za wote watatu, kwa hiyo nilipokata dhamana niliwakata wote, na wawili kati yao hata hawakumpenda huyo paka. Angeniambia mapema tungeandikiana: paka mmoja, ahasiwe, kikiharibika kitu yeye peke yake analipa. Ningekubali kabisa.

*

Swali dogo tu: likizo mkitawanyika, paka anabaki na nani? Kama ni jike, anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hivi, na hubeba kama wiki tisa. Hesabu mwenyewe. Mpeleke kwa daktari wa mifugo akachanjwe kichaa cha mbwa. Halafu waambie wenzako asije mtu akamwonea huruma na kumpa parasetamoli, inaua paka.

*

Asanteni wakuu, nimerudi. Nilimgongea jana usiku. Kaniambia anapenda paka, ndiyo maana alinyamaza, ila pampu iliyokuwa ikimtosha muda mrefu tu sasa inakaribia kuisha. Nilikaa pale mlangoni sina la kusema. Na mimi muda wote huo nilikuwa nasoma kifungu cha misumari!

Dada yangu anaishi peke yake, anakuja kumchukua Jumamosi. Kwa daktari wa mifugo tumeshakwenda: ni jike, viroboto kibao, chanjo kapata. Mwenye nyumba nitamwambia mwenyewe kabla hajasikia kwa jirani. Mapazia nimeshayafua na zulia lipo juani. Kikombe bado kipo chumbani kwake, na sijathubutu kukiulizia.

Kilichobaki ni kochi la kitambaa, foronya zake hazivuliki. Aliyewahi kulisafisha la hivyo alifanyaje?