Ushauri: nimepata vijarida vya mashabiki wa katuni vya miaka ya 1960, je, niviweke mtandaoni?

Mwana wa Lindi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Detroit, Marekani, na mwezi uliopita nilinunua kwa bei ya kutupa boksi la vijarida hivyo, vilivyotengenezwa na mashabiki wenyewe, kutoka kwa mzee aliyekuwa akihama nyumba. Ni karatasi za kawaida zilizobanwa kwa pini za stepla, zenye maandishi ya taipureta na michoro ya mkono kwa wino wa zambarau. Kimoja kimepauka kiasi kwamba hata nikikiinua dirishani sisomi zaidi ya vichwa vya habari. Binti yangu anataka tuviskani vyote na kuviweka mtandaoni. Mnanishauri nini?

Fundi Chapa
Kwanza, usikiinue tena dirishani, kwa sababu adui wa wino huo ni mwanga. Hiyo ni chapa ya spiriti: mchapishaji aliandika juu ya karatasi mama iliyowekewa karatasi ya rangi nyuma yake, kisha mashine ikailowesha kila karatasi tupu kwa spiriti, nayo ikayeyusha rangi kidogo na kuichukua. Kila nakala ilipunguza rangi, na baada ya nakala mia mbili au tatu karatasi mama ilikuwa imechoka. Kwa hiyo huenda kijarida chako kilichopauka kilitoka mashineni mwishoni, na jua linasingiziwa. Skani kwa rangi kamili, hifadhi gizani, na usithubutu kuvipeleka kwenye laminesheni.

Mkutubi Mstaafu
Vimekufikia mjini kwao. Jerry Bails, aliyekuwa mhadhiri hapo Detroit, alitoa toleo la kwanza la kijarida cha mashabiki kiitwacho Alter-Ego mwezi Machi 1961 kwa chapa hiyo hiyo, akishirikiana kwa barua na kijana wa Missouri, Roy Thomas, ambaye mwaka 1972 alikuwa mhariri mkuu wa Marvel, kampuni ya katuni. Wengine walianza wakiwa wadogo zaidi. Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa bado wanafunzi wa sekondari mjini Cleveland walipochapisha katika kijarida chao, Januari 1933, hadithi ya Superman aliyekuwa mtu mwovu (naam, mwovu!), miaka mitano kabla ya yule shujaa tunayemjua. Alan Light naye alikuwa na miaka 17 alipoanzisha gazeti la matangazo ya wakusanyaji wa katuni mwaka 1971.

Ninachokuomba uangalie ni anwani za watu zilizomo ndani. Julius Schwartz, mhariri wa DC, kampuni nyingine ya katuni, ambaye naye ujanani alichapisha kijarida cha mashabiki, ndiye aliyeanza kutoa katika katuni zake anwani kamili za wasomaji walioandika barua, na hivyo ndivyo mashabiki hao walivyojuana na kuuziana vijarida kwa posta. Wengi wao bado wako hai. Zifunike kabla ya kuweka chochote hadharani.

Mwana wa Lindi
Ahsanteni sana. Nimeshafunga pazia, na binti yangu amekubali kusubiri. Katika kijarida kimoja tu tumehesabu anwani kumi na nne, na mojawapo ni ya mtaa wa pili kutoka hapa kwetu.