Miwani ya kubadilika rangi: ni kawaida yake au nimepigwa?

MwalimuWaSingida:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Singida, nina ualbino. Mwanga kwangu hausumbui tu, unachoma. Uwanja wetu hauna mti hata wa dawa na mabati ya madarasa ni mapya. Saa saba mchana natoka darasa la tatu kwenda ofisini jicho moja nimelifumba, la pili nimelikunja.

Mwezi wa pili nikajibana, nikanunua ile miwani inayokuwa nyeupe ndani na nyeusi juani. Laki moja na nusu. Sasa vituko vyake: asubuhi na kale kaubaridi, niko kwenye bodaboda, inakuwa nyeusi tii. Mchana, jua ndilo lenyewe, inafifia kama chai ya rangi iliyoongezwa maji. Nikipanda basi la Dodoma nikakaa siti ya mbele, haibadiliki kabisa. Halafu nikiingia darasani ndipo inakataa kuachia weusi, nasahihisha madaftari gizani huku watoto wakinong'ona kwamba mwalimu kaja na disko.

Nimepigwa? Na binamu yangu aliyeko Uingereza anasema zipo lenzi za kuvaa ndani ya jicho zinazofanya kazi hiyohiyo, anataka kunitumia. Nikubali?

FundiLenzi:
Mwalimu, nadhani hujapigwa. Hiyo ndiyo tabia ya lenzi hizo, ila aliyekuuzia alitakiwa akwambie kabla hajapokea hela.

Kinachoziamsha si mwanga huu tunaouona, ni mionzi ya urujuanimno. Kioo cha mbele cha basi ni vioo viwili vilivyobana utando wa plastiki katikati, na sehemu kubwa ya mionzi hiyo inaishia hapo. Wewe jua unaliona, lenzi hailioni. Joto nalo lina vita yake: mionzi inaisukuma rangi iwe nyeusi, joto linairudisha iwe nyeupe. Asubuhi kukiwa na baridi mionzi inashinda, mchana wanavutana. Na kurudi nyeupe siku zote kunachukua muda kuliko kuwa nyeusi. Weusi unakuja ndani ya dakika moja hivi, kuondoka ni dakika kadhaa. Kwa hiyo watoto wavumilie disko.

(Za mwanzo zilikuwa za kioo chenye chembechembe za madini ya fedha, kazi ya Armistead na Stookey wa kampuni ya Corning, Marekani, miaka ya 1960. Babu yangu alikuwa nayo, nzito, ilimwachia vishimo viwili puani.)

Ukitaka uhakika, nenda kwa wakala wa pesa mwenye kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti. Mulika lenzi moja, nyingine iache. Ikibadilika, ni yenyewe.

KofiaPana:
Mwanangu, mimi pia nina ualbino, miaka 51 juani. Miwani pekee haitoshi, mwanga unaingia kwa juu na kwa pembeni. Anza na kofia yenye ukingo mpana kuzunguka kichwa chote. Hizi za kapelo zinakinga mbele tu, masikio na shingo zinaungua. Pili, uwe na miwani mbili: ya kahawia iliyokolea ya kutokea nje, yenye kinga ya mionzi, ifunge kamba ining'inie shingoni, nyeupe ya kusomea ikae mezani. Hiyo ya kahawia haijali basi wala joto. Ila usishinde nayo ndani, jicho likizoea giza, ukitoka nje mwanga unachoma maradufu. Mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, nikajuta.

DadaWaKliniki:
Kuhusu lenzi za ndani ya jicho: zilitengenezwa kweli. Aina moja, Acuvue Oasys with Transitions, ilipitishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2018, na zilikuwa za kubadilisha kila wiki mbili. Lakini mwalimu, hazitumwi kama viatu. Lazima jicho lipimwe mbinuko wake, na mtu akufundishe kuzivaa na kuzivua. Haziguswi na maji ya bomba wala ya ndoo, hulali nazo. Wewe unashinda kwenye vumbi la chaki, ukifikicha jicho mara moja umekwaruza. Na hata hizo hazikingi jicho lote, miwani ya jua bado utaihitaji.

Kama macho yako yanachezacheza, hilo muulize daktari, maana lenzi ya ndani husogea pamoja na jicho na wapo wanaoona nafuu. Na wengine mnaosoma: mwanga ukianza kukuchoma ghafla, jicho jekundu na linauma, usikimbilie duka la miwani. Nenda hospitali.

MwalimuWaSingida:
Nimetoka kwa wakala. Kijana alidhani natania, foleni nyuma yangu inacheka, akamulika. Lenzi moja nyeusi tii, nyingine nyeupe, nimesimama pale kama chongo! Basi ni yenyewe.

Mzee KofiaPana, shikamoo na asante. Macho yangu yanachezacheza tangu utoto na hakuna aliyewahi kuniambia habari hiyo, nitauliza nikienda kliniki. Binamu nimemwambia lenzi aache, atume kofia.