Fumbo la hila: majibu ninayo, maelezo sina

MlaloNaWima

Wakuu, naomba msaada. Mafumbo ya maneno ya kawaida, yale ya "mji mkuu wa Zambia (6)", hayanisumbui. Sasa nimepata mraba ambao vidokezo vyake vina hila kama vya magazeti ya Uingereza, ila vimetungwa kwa Kiswahili. Sharti lake ni kueleza kila jibu limetokana na nini, si kujaza tu. Nilipokwama ni hapa:

1 mlalo: Mnyama juu ya nyumba (3)
4 mlalo: Samaki waliochafuka msimu wa mvua (6)
7 mlalo: Ndege amejificha kwa baba tajiri (4)
2 wima: Mawazo ya rafiki aliyechanganyikiwa (6)
5 wima: Pa kulala pa mtoto wa ndege mwenye wakati ujao tumboni (7)
8 wima: Upepo wa saa 24 zilizopinduliwa (4)

1 mlalo nimeandika PAA. 7 mlalo nimeweka BATA kwa sababu ya herufi za makutano, lakini hata KOZI ni ndege wa herufi nne, kwa hiyo sijui kwa nini ni bata. 4 mlalo nina _A_I_A na mambo mengi yanaingia: hazina, kabila, kanisa, safina. 2 wima nina F_K_R_. 5 wima ni KITANDA, lakini huyo ndege simwoni. 8 wima nilidhani ni SIKU, nikaigeuza nikapata UKIS. Vidokezo hivi husomwaje?

FundiMraba

Kidokezo cha hila kina vitu viwili tu: maana ya jibu, na hila inayolijenga jibu hilohilo kwa herufi. Maana hukaa mwanzoni au mwishoni, haikai katikati. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta jibu. Tafuta pa kukata.

Kiswahili kinasaidia hapo, kwa sababu kiunganishi cha -a hupatana na nomino iliyotangulia, na mara nyingi nomino hiyo ndiyo maana. "Mawazo ya", "Pa kulala pa", "Upepo wa": kata baada ya hizo -a na hila inabaki peke yake. Si kila -a ni mpaka, lakini. Katika 4 mlalo, "wa" imo ndani ya maana yenyewe, "msimu wa mvua".

Tuanze na huo. Maana ni "msimu wa mvua". Zinabaki "Samaki waliochafuka". Neno la kuchafuka, kuvurugika, kulewa, kupigana, ovyo au upya likikaa kando ya neno lenye idadi ya herufi sawa na ya jibu, shuku mvurugo wa herufi. SAMAKI lina sita, jibu lina sita. Vuruga S-A-M-A-K-I upate MASIKA.

Usivuruge kwa kuzungusha herufi zote kichwani. Tenga konsonanti na irabu: S M K upande mmoja, A A I upande wa pili. Maneno yetu mengi ya herufi sita hufuata mpangilio wa konsonanti-irabu mara tatu. Konsonanti tatu zina mipangilio 6, irabu hizo zina 3, jumla ni 18. Ukizichanganya bila mpangilio ni 360. Jibu likianza kwa irabu au likiwa na mb, nd, ng na jamaa zake ndipo njia hii inapokataa.

2 wima ni mtego mzuri zaidi. RAFIKI lina R F K na A I I. Katika ile mipangilio 18 mna maneno mengine manne halali: FAKIRI, KAFIRI, FARIKI na FIKIRA. F_K_R_ inakuachia fakiri na fikira, na hila haiwezi kuchagua kati yao. Anayechagua ni maana: "Mawazo". FIKIRA.

7 mlalo, "amejificha kwa" ni amri ya kutazama ndani ya maneno yanayofuata bila kuyavuruga: baBA TAjiri. Kozi hayumo humo. Dalili za mficho ni ndani ya, baadhi ya, sehemu ya, -ficha. Hiki ndicho aina rahisi kuliko zote na ndicho watu hukikosa, kwa kuwa macho hurukia maana ya sentensi.

5 wima: "mtoto wa ndege" ni KINDA. "Wakati ujao" ni kiambishi TA. Kinda lina TA tumboni: KI(TA)NDA. Viambishi vya wakati vikariri kabisa, maana watungaji wa Kiswahili huvitegemea: NA kwa uliopo, LI kwa uliopita, TA kwa ujao, ME kwa timilifu, HU kwa mazoea, NGE kwa masharti. Waingereza hutumia vifupisho vya herufi moja moja kwa kazi hiyo. Sisi hatuna vingi, na hatuvihitaji.

Maelezo yenyewe yaandike hivi, bila maneno mengi:

MASIKA: maana "msimu wa mvua", mvurugo ("waliochafuka") wa SAMAKI.
BATA: maana "ndege", mficho ("amejificha kwa") ndani ya baBA TAjiri.
KITANDA: maana "pa kulala"; TA (wakati ujao) ndani ("tumboni") ya KINDA (mtoto wa ndege).

Ukimaliza, hesabu maneno ya kidokezo. Kila neno liwe na kazi: maana, malighafi, dalili au kiungo. Likibaki neno lisilo na kazi, ama hujamaliza ama mtungaji kajaza maji.

BintiKusi

8 wima inataka silabi, si herufi. Kugeuza herufi kwa Kiswahili ni kazi ya hasara: maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo ukiyasoma nyuma lazima yaanze na irabu, na yaliyo hai ni machache. UMA inatoa AMU, jina la wenyeji la Lamu. ITA inatoa ATI. Baada ya hapo unaanza kukwaruza sufuria.

Silabi ni mambo mengine. Fuata kinyume cha watoto wa pwani: silabi ya mwisho inatangulia, nyumba inakuwa mbanyu. Saa 24 ni SI-KU, pindua, KU-SI. Kazi inatoa zika, kata inatoa taka. Wali unatoa liwa, ile ya kupaka usoni, na kidokezo hicho kinajiandika: "Kipodozi kutokana na chakula kilichopinduliwa (4)".

KUSI: maana "upepo", SIKU (saa 24) kwa silabi zilizopinduliwa.

Lakini namlaumu mtungaji kwa jambo moja. Kama fumbo linachanganya vidokezo vya herufi na vya silabi, dalili zitofautiane. "-rudi" na "-geuka" ziwe za herufi, "kinyume" iwe ya silabi, na hilo litangazwe juu ya mraba. Hapa "zilizopinduliwa" haikuonyi kitu, ndiyo maana ukapata UKIS. Na "-panda" iachwe kwa vya wima tu, kwani hapo ndipo neno linaloelekea juu linaweza kusomwa nyuma.

Usihangaike pia kutafuta aina ya "husikika kama", ambayo imejaa kwenye mafumbo ya Kiingereza. Sisi tunaandika tunavyotamka. Maneno mawili yakisikika sawa, kwa kawaida yameandikwa sawa, na hapo tuna maana mbili za neno moja, kama PAA.

Mhariri_wa_Mraba

Nakubaliana na hayo yote isipokuwa sifa ambazo 1 mlalo na 4 mlalo zimepata kwa kunyamaziwa.

PAA: mnyama ni paa, sawa. Lakini "juu ya nyumba" ni mahali, na paa la nyumba ni nomino. Maana lazima iweze kukaa pale pale panapokaa jibu katika sentensi. "Fundi ameezeka paa" haigeuki kuwa "fundi ameezeka juu ya nyumba". Ningeandika "Mnyama, kifuniko cha nyumba (3)". Haina ucheshi ule, najua, lakini ni halali.

4 mlalo ina tatizo la kwetu peke yetu. Katika hila, SAMAKI si viumbe, ni neno, herufi sita. Neno huchafuka kwa LI: lililochafuka. "Waliochafuka" inapatana na samaki wa baharini, ambao hawamo kwenye hila. Shule ya Ximenes, yule mtungaji wa The Observer aliyeanza 1939, ingekataa: unaweza kumpotosha msomaji kwa sura ya sentensi, lakini ukiisoma kama hila lazima iwe sahihi kisarufi.

Na kuhusu mraba: ukipanga mraba wa Kiingereza, ambao herufi moja hukatizwa na inayofuata haikatizwi, maneno ya Kiswahili yanakuumbua. Konsonanti na irabu zinapishana, kwa hiyo makutano yote yanaangukia irabu au yote konsonanti. Ndiyo sababu una _A_I_A isiyokusaidia. Konsonanti ni nafuu zaidi, ingawa K_T_B_ nayo inakupa kitabu, katibu na katiba. Dawa ni kupanda maneno yenye konsonanti pacha: KITANDA kwa nafasi za 1, 3, 5, 7 inatoa K, T, N, A, mchanganyiko unaofaa. Mtungaji wako kwenye 4 mlalo alipaswa kusogeza neno mraba mmoja.

FundiMraba

Kuhusu PAA umeshinda. Kuhusu "waliochafuka" sikubali. Ukilazimisha LI kila mahali, kila mvurugo utajitangaza: msomaji ataona "samaki lililochafuka" na kujua hila kabla hajaanza kufikiri. Upatanisho wa ngeli ni sehemu ya sura ya sentensi, na sura ndiyo tunayoruhusiwa kudanganya nayo. Ninachokataa mimi ni mvurugo wa neno lisilotajwa. "Kitoweo cha baharini kilichochafuka" ingemtaka msomaji abahatishe samaki kwanza (kwa nini si pweza, kamba au ngisi?) halafu avuruge alichobahatisha.

MlaloNaWima, eleza hivi vitatu kwa muundo ule:
a) Uliopita na ujao: kipimo cha maziwa (4)
b) Ali karudi na dosari (3)
c) Mnyama kwenye kibuyu cha mgema (5)

MlaloNaWima

Asanteni. Najaribu:

a) LITA: maana "kipimo cha maziwa", LI (uliopita) + TA (ujao). "Na" ni kiungo tu, nadhani, si NA ya wakati uliopo.
b) ILA: maana "dosari", ALI kwa herufi za nyuma ("karudi").
c) TEMBO: maana mbili, "mnyama" na "kwenye kibuyu cha mgema".

Lakini c) ina kosa lile lile la PAA, "kwenye kibuyu" ni mahali. Je, "Mnyama anayegemwa (5)" ingetosha?

Mhariri_wa_Mraba

a) na b) sawa. Umefanya vizuri kuipima ile "na" kwanza: ingekuwa malighafi, jibu lingekuwa LINATA na herufi zingekuwa sita. Idadi kwenye mabano ndiyo iliyokuokoa.

c) kosa umeliona, dawa bado. "Anayegemwa" ni A-WA, na tembo la mnazi ni LI-YA. Methali yenyewe inasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. FundiMraba atakuruhusu kwa hoja yake ya sura ya sentensi. Mimi ningeandika "Mnyama, zao la mgema (5)", hapo hakuna ngeli ya kugombania.

BintiKusi

Au "Ndovu alevyaye (5)", mgombane vizuri.